Rivolva ya Kubeba Kila Siku: Nilichobadilisha na Nilichokataa Kugusa

Ninamiliki kwa leseni rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi) ndogo ya risasi 5, yenye mtutu wa inchi 2 na inayotumia risasi za .38 Special, nami huivaa kiunoni chini ya shati kila ninapokwenda na fedha taslimu kununua mahindi Kibaigwa au mifugo katika mnada wa Msalato. Silaha ya namna hii hukaa mwilini kutwa nzima bila kufyatuliwa, kwa hiyo marekebisho yanayoifaa ni yale yanayohusu nguo na kiganja; yale yanayogusa mitambo ya ndani nayapinga waziwazi.

Mpini ndio uliostahili kubadilishwa kwanza. Ule wa raba iliokuja nao unashikika vizuri, lakini raba hunata kwenye kitambaa, na shati jepesi ambalo jua la Dodoma linatulazimisha kulivaa hung'ang'ania juu yake mpaka umbo la bastola linajichora wazi. Seremala mmoja wa hapa mjini alinichongea mwingine wa mpingo kwa kufuatisha ule wa zamani (bastola yenyewe haikutoka nyumbani, kwani silaha haiachwi mikononi mwa mtu asiye na leseni), akausugua kwa msasa laini hadi nguo ikawa inateleza juu yake. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni upande wa kushoto wa mpini: silinda inapofunguliwa na maganda kusukumwa nje, ganda lililo karibu na mpini hugonga mbao na kukwama iwapo mbao hiyo ni nene, kwa hiyo sehemu ile inapaswa kukwanguliwa kidogo. Ukinunua mpini mnene na wa kupendeza, pima hilo kabla ya kulipa.

Kisha kuna nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke. Mkia wake, ule unaovutwa kwa kidole gumba, hunasa kwenye pindo la shati wakati wa kuchomoa, na tatizo hilo ni la zamani: Smith & Wesson, watengenezaji wa silaha wa Marekani, walitoa rivolva yenye nyundo iliyofichwa ndani tangu 1887, wakarudia wazo hilo mwaka 1952 katika ile waliyoiita Centennial. J. H. FitzGerald wa kampuni ya Colt alikuwa akikata mikia ya nyundo, na pamoja nayo akikata sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio ili kidole kiingie haraka. La kwanza nimelifuata. La pili silikubali kabisa, kwa sababu kikingio hicho ndicho kinachozuia kitambaa, funguo au kidole kilichopotea njia visifike kwenye kifyatulio. Ukataji wa mkia niliupeleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, kwa kuwa umiliki na ukarabati wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nilisisitiza kwamba namba ya silaha isiguswe. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kuikoki kwa gumba, yaani kuvuta nyundo nyuma kabla ya kufyatua. Kila risasi inatoka kwa mvuto mrefu na mzito wa kifyatulio, na kwangu uzito huo ni kinga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshauri kuweka springi laini. Springi ya nyundo ikilegezwa, kifyatulio huwa chepesi kweli, lakini pigo nalo hupungua, na fataki iliyo kitakoni mwa risasi inaweza kukataa kulipuka, hasa ukibadilisha aina ya risasi. Mvuto mzito unazoeleka kwa mazoezi ya shabaha, ilhali risasi iliyogoma haina mazoezi yanayoitibu.

Kwenye shabaha ya mbele, ile alama ya kulengea iliyo juu ya ncha ya mtutu, nimepaka rangi ya kucha nyekundu juu ya tabaka jeupe, na hilo limetosha.

Vumbi la huku linahitaji uangalifu zaidi kuliko marekebisho yote hayo. Chembe chache za mchanga au baruti isiyoungua zikijibana chini ya nyota ya kutolea maganda (kipande chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje ya silinda), silinda huzunguka kwa shida au hugoma kabisa. Nikitoka mnadani naondoa risasi zote, nahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote ni matupu, kisha napiga mswaki mkavu chini ya nyota hiyo, bila mafuta, kwa maana mafuta mahali pale hukusanya vumbi upya.