Siku ya 23 na bado nyeusi!

Jamani seli yangu ya jua bado nyeusi!! Iko dirishani hapa Dar, masika hii hii, na haijageuka njano. Mliowahi kuhangaika na MAPbI3 (perovskaiti, lile tabaka jeusi linalonasa mwanga) bila glavboksi (sanduku lisiloingiza unyevu) mnanielewa, unaitoa kwenye hotpleti inang'aa, wiki haijaisha ushaliona lile doa, iodaidi ya risasi, ile njano inayobaki MAPbI3 ikiharibika, imerudi kukusalimia.

Miezi miwili nilikuwa namlaumu spiro (tabaka la juu ya perovskaiti linalopeleka chaji kwenye elektrodi). Ni kweli ile chumvi ya lithiamu tunayomtilia inavuta maji balaa, basi nikatupa spiro na elektrodi ya fedha (silva) nikahamia kaboni (bei ya spiro nayo ni wizi), efishensi ikashuka hadi asilimia 8 na kitu, nikasema poa. Doa likarudi. Nikalaumu klorobenzini, ile ya kudondoshea filamu ikizunguka ili igande sawasawa, labda naidondosha nimechelewa, nikawa nahesabu sekunde kwa sauti kama kichaa. Nikamlaumu jamaa anayefungua mlango wakati spina (mashine ya kuzungusha kioo ili dawa isambae) inazunguka, na huyo hata leo sijamsamehe. By the way spina yangu ya feni ya kompyuta naiamini kuliko ile ya maabara, semeni mnavyotaka.

Kilichonifumbua macho ni simu. Kila asubuhi napiga picha, juzi juzi nikazipitisha harakaharaka nikaona njano inaanzia kona ileile, seli zote, pale FTO (mpako wa kioo unaopitisha umeme) inapotokeza nje kupeleka umeme. Juu kioo, chini kioo, kumbe maji yanapita mlangoni! Gundi ya UV haikushika pale palipobaki vumbi la kaboni, ukikuza picha unakiona kijifereji chembamba kama unywele.

Sasa nakwangua ile kona mpaka kioo kiwe kitupu, halafu nazungushia butili nyeusi (mpira unaonata), ile mafundi wanayozibia taa za gari zisiingize maji. Nimeipata Gerezani, muuzaji ananiuliza gari gani, nikamwambia ndogo sana.

Efishensi ilianza asilimia 8.3, leo 7.9. Na nimepima voltiji ikipanda na ikishuka, maana ukitoa namba ya upande mmoja tu unajidanganya mwenyewe.

Wiki hii nilipanga kuanza kuchanganya siziamu na fomamidiniamu kwenye perovskaiti, imeota mbawa. Nina kikopo cha silika jeli ya bluu, ile inayogeuka pinki ikinyonya maji, nataka nifungie punje mbili tatu pale ukingoni ndani ya butili nione kama zitaniambia maji yameingia kabla ya njano. Kesho napika seli sita.