Mwanamke aliyetuokolea jicho la pili

Natamani wakazi wa Nairobi, hasa sisi tunaoshinda maabara, tumjue Vanda Lennon. Ni daktari mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi miaka mingi katika Mayo Clinic, Marekani, akichunguza jinsi kinga ya mwili inavyougeukia mfumo wa neva. Mdogo wangu hajawahi kukutana naye, lakini jicho lake la kushoto linaona kwa sababu ya kazi ya mama huyo.

Ugonjwa wa mdogo wangu ni NMO, yaani nyuromielitisi optika: kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Ulianza na kwikwi. Si ile ya kushika pumzi ukanywa maji ikakwisha. Hii ilimkaba usiku na mchana, akila anatapika, mbavu zinamuuma hata kulala hawezi. Kila jirani pale Umoja alikuwa na dawa yake. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, akaingizwa kamera, tumbo likaonekana safi. Kwikwi ikakoma, tukamshukuru Mungu. Miezi ikapita, jicho la kulia likaanza kuuma kila akiligeuza. “Dada, mbona hii leso imepauka?” aliniuliza. Ilikuwa nyekundu kabisa. Wiki haikuisha kabla jicho halijazima.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba sehemu ya shina la ubongo inayoongoza kutapika na kwikwi ni mojawapo ya zile NMO inazopenda kushambulia. Laiti ningelijua hilo mapema!

Daktari wa kwanza alitaja MS, maltipo sklerosisi, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Simlaumu, kwa maana magonjwa haya mawili hufanana: jicho, ganzi, miguu kukosa nguvu. Eugène Devic, Mfaransa, aliueleza huu wetu mwaka 1894, lakini kwa muda mrefu wengi waliuona kuwa tawi tu la MS.

Walioyatenganisha magonjwa haya ni Lennon na wenzake. Hapa mtu wa maabara ndani yangu husisimka. Walikuwa wakiweka seramu za wagonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, juu ya vipande vyembamba vya ubongo wa panya, kisha wanaongeza rangi inayozifanya kingamwili, zile protini za kinga, zing'ae chini ya hadubini. Baadhi ya seramu, zilizokuwa zimeletwa kutafutiwa jambo jingine, zilionyesha mng'ao usio wa kawaida: ulifuata kuta za mishipa midogo ya damu na utando wa ubongo. Ungeweza kuandika “haieleweki” ukachukua slaidi inayofuata. Sote tumeshaona slaidi za namna hiyo. Wao walifuatilia wenye damu hiyo, wakakuta wengi wana dalili za NMO. Wakachapisha mwaka 2004 katika jarida la Lancet. Mwaka 2005 wakaonyesha shabaha ya kingamwili hizo: akwaporini-4, protini iliyo mlango wa maji kwenye astrosaiti, seli za ubongo zinazozitunza seli za neva. Protini za ukoo huo ndizo zilizompa mwanasayansi Mmarekani Peter Agre sehemu yake ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Interferoni beta, dawa ya MS, inaweza kuuzidisha NMO. Daktari wetu wa pili aliagiza kipimo cha akwaporini-4 kabla ya kuandika dawa yoyote ya MS. Damu ikasafirishwa nje ya nchi, likarudi jibu: kingamwili hizo zipo. Na ugonjwa huu huwashika wanawake kuliko wanaume, na sisi watu weusi kuliko Wazungu. Kwa hiyo binti Mwafrika akipoteza jicho ghafla, kutoulizia kipimo hiki ni kumcheza shere.

Sasa anatumia azathioprini, dawa ya zamani ya kutuliza kinga. Lazima chembe nyeupe za damu na ini zichunguzwe mara kwa mara. Mirija ya damu yake huwa nampa mwenzangu maabara. Siwezi kuisoma kwa utulivu. Dawa mpya zilizolengwa kwa NMO, kama ekulizumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, bei yake ni ya kutisha na hatuziwazi.

Kipimo tulikilipia kwa harambee ya ukoo, wajomba na shangazi wakatuma kwa M-Pesa. Haifai iwe hivyo. Nataka bima ya umma ikilipie, kifanyike kwa bei ya mwananchi, na nitaendelea kulisema katika kila kikao cha wanamaabara nitakachokaribishwa.