Siku moja wodi ya watoto wachanga, Mwanza: kusikiliza kilio

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokea zamu kitanda kwa kitanda. Faili lililoandikwa "analia sana" halitusaidii, kwa hiyo tunamuuliza muuguzi wa usiku: sauti nene au nyembamba? Akibebwa ananyamaza, au ndiyo anazidi? Kilio cha mtoto mzima wa afya kiko kati ya Hz (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 400 na 600. Kinapanda, kinashuka, sekunde moja hivi, anavuta hewa, anaanza tena. Nyuzi za sauti kwenye zoloto hukazwa kwa amri ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, na hapohapo ndipo pumzi na kunyonya vinapoendeshwa. Ndiyo maana aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa mara nyingi hunyonya vibaya, hupumua ovyo, na kilio chake huwa hafifu au huruka hata juu ya Hz 1,000.

Saa 2:15. Tunaanza na watoto wa rufaa, hasa kutoka visiwani, ambako uchungu ukirefuka bado kuna kivuko cha kusubiri. Akilia kwa sauti nyembamba, kwanza pima sukari. Pasha kisigino joto kwa kitambaa, choma pembeni, kamwe si katikati. Spiriti ikauke kwanza na tone la kwanza lifutwe, la sivyo utapata namba ya uongo. Chini ya mmol 2.5 kwa lita, anapewa glukosi ya 10% mshipani, ml 2 kwa kila kilo. Wa kilo 3 ni ml 6, polepole, kisha unapima tena baada ya nusu saa. Kopo la vijiti vya kupimia lisiachwe wazi, unyevu huviharibu.

Sindano ya kisigino ina faida nyingine. Mtoto akichomwa atakunja uso, atavuta mguu, atapiga kelele. Anayelia mno huwa na watu wa kumkimbilia. Mimi humwogopa zaidi yule anayechomwa akanyamaza, mguu umelegea. Huyo anaonwa na daktari sasa hivi, asingojee raundi.

Saa 4:00. Manjano. Zima taa ya buluu ya kutibu manjano, msogeze mtoto dirishani, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, uachie, utazame rangi inayobaki. Fizi na nyayo pia. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari, usiseme yataisha kwa jua la asubuhi. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, ikishaingia kwenye ubongo mtoto hulegea na kuacha kunyonya, kisha hulia kwa sauti kali huku mgongo umepinda kwa nyuma. Kufika hapo tumechelewa. Na mama aulizwe nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini: vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende huvunja damu ya watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nao si haba katika maeneo ya malaria kama haya yetu.

Saa 5:30. Bibi mmoja anaita: "Sista, mjukuu wangu analia kama paka." "Shikamoo bibi, nakuja." Upo ugonjwa wa namna hiyo, alioueleza daktari Mfaransa Jérôme Lejeune mwaka 1963, wa kipande cha kromosomu ya 5 kukosekana, ila ni nadra sana. Huyu ni njiti. Nyuzi zake za sauti ni fupi na nyembamba, basi. Anarudishwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Saa 7:00. Maziwa, dawa, faili.

Saa 8:00 mchana. Kurekodi vilio, kwa ridhaa ya mama. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, feni izimwe. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubana sauti na kuipunguza. Andika umri kwa saa, uzito, na sababu ya kilio, maana cha njaa na cha sindano havilinganishwi. Kwenye Praat, programu ya kompyuta ya kupima sauti, pandisha kikomo cha juu cha masafa. Kikiachwa cha watu wazima, kilio cha Hz 1,000 kitakosekana kabisa au kitasomwa kuwa 500, na utaandika kwamba mtoto ni mzima. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba vichanga wa Kifaransa hupandisha kilio na wa Kijerumani hukishusha, kwa kuwa walishasikia lugha tumboni. Ningependa kusikia wa Kisukuma, lugha yenye toni.

Saa 9:15 alasiri. Tunakabidhi. Kitanda cha dirishani: kilio chembamba, akishikwa anazidi, utosi umejaa, joto 38.2. Sampuli ya damu imechukuliwa, antibayotiki imeanza, daktari anajiandaa kutoa maji ya uti wa mgongo. Akianza kutafuna mate au kuchezesha miguu kama anaendesha baiskeli, hiyo ni degedege: pima sukari, mwite daktari, fenobarbitoni, dawa ya kutuliza degedege, mg 20 kwa kilo iwe tayari.