Siku mzee alipotyuni gitaa
Binti yangu jana kaniuliza, eti mama, kama babu alikuwa hakumbuki hata jina lako, gitaa alilikumbukaje? Nikamjibu kifupi tu maana usingizi ulishamzidi, ila wa kwangu ndo ukakata.

Ile miezi ya mwanzo naipita, kupotea njia, kuuliza swali lile lile, daktari kututajia Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, mnaijua hiyo stori. Ninachokiona mpaka leo ni ile jioni kaka alipolishusha gitaa toka juu ya kabati, vumbi kibao, nyuzi zimelegea, akampakatisha mzee. Asubuhi yake mzee alikuwa ameniita kwa jina la dada yake aliyefariki kitambo. Akagusa uzi mnene, akakunja uso, akaanza kuzungusha zile funguo za kukazia nyuzi, anabonyeza, anasikiliza, analinganisha na uzi wa pili, analegeza kidogo, hajaridhika, anakaza tena, akaenda hivyo uzi kwa uzi mpaka wa sita, hakuna aliyemsaidia wala simu ya kumpimia sauti, ni sikio lake tu. Halafu akapiga. Vidole vinahama vyenyewe hata haviangalii. Kaka akashindwa kujizuia akawa anagonga mdundo mezani, mzee akasimamisha mkono, akamtazama: "Unakimbia wewe. Nisubiri." Mtu ambaye mchana ule alishindwa kufunga vifungo vya shati lake!

Kaka alilia, mimi nilicheka, kisha na mimi nikalia.

Baadaye nilisoma sana. Hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, huumia mapema kwenye ugonjwa huu, ila ujuzi wa mikono uliorudiwa miaka na miaka unategemea zaidi sehemu nyingine, kama serebelamu huko nyuma ya kichwa, ambazo mara nyingi huchelewa kuguswa. Ndo maana Tony Bennett, yule mwimbaji wa Marekani aliyekuwa na Alzheimer, aliweza kupanda jukwaani New York mwaka 2021 akiwa na miaka 95 na nyimbo zake akaziimba.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Utafiti wa Bronx, kule New York, uliotoka 2003 ulifuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75, na waliokuwa wanapiga ala za muziki walionekana kupata dimenshia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na akili kama kwenye Alzheimer, kwa uchache kuliko wasiopiga. Mzee alipiga toka ujana na bado ikampata. Labda bila gitaa ingemuwahi zaidi, labda isingebadilisha chochote, na pia inawezekana wanaoendelea kupiga uzeeni ni wale ambao ubongo wao ulikuwa mzima tangu mwanzo. Utafiti wa kufuatilia watu tu hauwezi kutenganisha hayo, na mimi nilikuwa na mzee mmoja tu.

Sasa mama naye ameanza kujifunza kinanda, mkono wa kushoto bado unagoma. Nikamsimulia utafiti wa 2007, wazee wa miaka 60 mpaka 85 walifundishwa piano miezi sita na uwezo wao wa kushika mambo kichwani huku wakiyafanyia kazi ukapanda. Akaniuliza, mbona baba yako sasa? Nikaanza kumweleza ya Bronx, akanikatisha, ngoja mwanangu nimalize hapa kwanza, akarudia ule mstari tangu mwanzo.