Kauli ya Lusajo

"Shangazi, wewe unapenda kutunza vitu vilivyokufa."

Lusajo alisema hivyo Alhamisi usiku mezani, anachambua miiba ya samaki, wala hakuinua macho. Nikamuuliza, "Nini kimekufa, baba?" Akasema, "Hiyo programu yako ya kudarizi. Wenyewe walishaacha kuihudumia, draiva nyingine ya ule ufunguo haitakuja. Windows imesonga mbele." Nikasema sawa. Nikakusanya sahani, nikaenda nazo uani.

Wiki hii Baba Neema amerudi salama kutoka Tunduma baada ya kukwama kwenye foleni ya malori, kikao cha kwanza cha harusi ya Eda kimekaa na nimetupiwa kamati ya sare, mpangaji wa chumba cha nyuma amehama bila kuaga. Yote yamepita. Kauli ya Lusajo haijapita. Nikiwa nakata nyuzi inanijia, nikiwa kwenye daladala inanijia, na kila ikija napata jibu zuri kuliko lile "sawa" nililotoa.

Mnaonifuata tangu nikiwa na kibanda kile cha Sokomatola mnaijua programu yenyewe. Niliinunua mwaka 2014 kwa hela ya viazi vya Umalila, msimu ule gunia lilipopata bei. Leseni yake imo ndani ya kiufunguo cha USB chenye taa nyekundu. Ukikichomeka, taa inawaka na programu inafunguka. Usipokichomeka, hufanyi lolote. Nembo zote za shule ninazozishonea nimezichorea humo, na Lusajo mwenyewe amesomeshwa na nembo hizo kuanzia darasa la tano. Sijawahi kumtajia hilo, na hata Alhamisi sikumtajia, kwa sababu mtoto hasomeshwi ili aje adaiwe.

Sitaki mtu aelewe kwamba kubadilisha mfumo kulikuwa kosa. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya dukani wateja wanachomeka flashi zao humo, mimi naangalia akaunti ya benki humo humo. Kuiacha bila masasisho ya usalama isingefaa. Lusajo aliikagua akakuta ina kila kinachotakiwa, prosesa ya kizazi cha 8 na ile chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo bila hiyo Windows 11 haikupokei. Chuo kilipofunga Desemba akaiweka. Faili zangu zote zikawepo, printa ikachapa, tukafunga duka tukaenda Tukuyu kwa mama kula Krismasi. Windows 11 inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka ukiona mambo hayaendi. Tuliporudi Mbeya siku hizo zilikuwa zimekwisha.

Sasa shule zinafunguliwa, na mnajua Januari ndiyo mwezi wangu. Baridi la huku halimwachi mtoto aende shule bila sweta, na sweta bila nembo linarudishwa getini. Nafungua programu, inaniambia ufunguo haupo. Ufunguo ninao mkononi! Nachomeka tundu la mbele, la nyuma, taa haiwaki.

Lusajo alinieleza kinachotokea, na alieleza vizuri, hilo nampa. Programu yenyewe haina shida na Windows 11, ingefunguka. Kinachogoma ni draiva, kale kaprogramu kadogo kanakosimama katikati ya ufunguo na mfumo. Draiva inafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na Windows ya sasa ina ulinzi unaokagua kila draiva kabla haijaruhusiwa kukaribia pale. Yetu iliandikwa zamani kwa utaratibu ambao ulinzi huo haukubali. Kwa hiyo inazuiwa mlangoni, na programu inabaki kungoja ufunguo ambao haitauona. Ulinzi huo unaweza kuzimwa. Nikamwambia azime basi. Akakataa, akasema hawezi kuacha wazi kompyuta inayopokea flashi za mji mzima. Hapo pia alikuwa sahihi.

Niliwaandikia walioniuzia, siwataji. Wakajibu siku ile ile kwa adabu: toleo langu halina tena huduma, ninunue jipya. Bei yake inapita pikipiki mpya. Kinachoniuma ni kwamba mwenye nakala ya wizi, ile iliyovunjwa ikawa haiulizi ufunguo, hapati shida hii hata kidogo. Aliyelipa kihalali na kutunza ufunguo wake ndiye anayefungiwa nje. Hili nataka lisemwe na watu wengi zaidi yangu.

Ijumaa Madam akaja, yule mwalimu mkuu ninayemshonea tangu shule yake ina madarasa mawili. Safari hii anataka nembo ndogo kwa ajili ya watoto wa awali, kwa sababu ile ya kawaida ya sentimita 8 inafunika kifua chote cha mtoto wa miaka minne. Anataka sentimita 5 na nusu. Nikamwambia kompyuta ina matatizo. Akauliza, "Mama Neema, si mashine inasoma tu kutoka kwenye flashi? Si uipunguze hapo hapo?" Ni swali la haki, na kwa kuwa wengi mmeniuliza hivyo hivyo, nalijibu hapa.

Mashine ya kudarizi inasoma faili la DST. Faili hilo halijui mlima wala kitabu wala herufi zilizomo kwenye nembo ya Madam. Linajua tu sindano iende wapi, hatua kwa hatua, kila hatua isizidi milimita 12.1, na wapi isimame ili mtu abadilishe uzi. Hata rangi halina. Umbo lenyewe, kwamba huu ni mlima na ujazwe kwa mistari iliyoachana milimita 0.4, limo kwenye faili asilia ambalo programu yangu peke yake ndiyo inalifungua. Ukipunguza umbo, programu inahesabu upya mishono. Ukipunguza DST kwenye mashine, mishono inabaki ile ile na inabanana.

Madam alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anataka kuona kwa macho. Nikamwekea sweta la majaribio kwenye fremu, nikaamuru mashine ipunguze. Eneo lilishuka chini ya nusu na mishono yote ya ile nembo kubwa ikaja kujazana humo. Mlima ukapita. Ilipofika kwenye kitabu, sindano ikaanza kugonga mahali palipokwishashonwa, mlio ukawa mzito, uzi wa njano ukakatika. Nikautia tena, ukakatika tena. Kwenye maandishi ya chini sindano ikavunjika, kipande kikarukia kwenye sakafu karibu na kiatu chake. Nilipotoa fremu, kifua cha sweta kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Madam akakipapasa, akasema, "Huyu mtoto ataumia." Akaondoka na ahadi yangu ya Jumatatu.

Nikabaki nalo lile sweta, na kauli ikarudi. Vitu vilivyokufa. Niliangalia duka langu nikijaribu kuona anachokiona yeye. Cherehani ya mama ya kukanyaga ipo pale dirishani, na ndiyo inayopinda mikono ya masweta yote, umeme uwepo usiwepo. Mkasi una umri mkubwa kuliko Neema. Daftari la vipimo nimelibandika gundi kwenye mgongo. Hakuna hata kimoja hapo ambacho hakikufanya kazi wiki hii. Programu nayo ilifanya kazi mpaka siku ya mwisho kabla ya Krismasi, na asubuhi ile ilinitolea nembo bila kusita. Kitu kinachofanya kazi yake hakijafa. Hilo ndilo jibu nililolitaka Alhamisi, na nimelipata nikiwa peke yangu na sweta lililoharibika.

Na kilichonikaa zaidi, nikisema kweli, si programu. Nilisikia kana kwamba anahesabu na mimi humo.

Basi Jumamosi mchana mvua imetulia, namwona anashuka kwenye bodaboda amekumbatia kitu ndani ya mfuko wa nailoni. Laptop ya zamani, nzito, ameiazima kwa rafiki yake chuoni. Ina Windows 7, ambayo nayo ilikoma kuhudumiwa Januari 2020, na ina sehemu ya kuwekea CD. Akasema, "Shikamoo shangazi. Ile CD bado unayo?" Ninayo, ipo kwenye droo ya vifungo, kwenye bahasha yake ile ile. Hakusema kitu kuhusu hilo.

Aliweka programu, akaweka draiva ya siku zile, akanyoosha mkono bila kunitazama ili nimpe ufunguo. Taa ikawaka! Nilipiga kigelegele mpaka muuza chipsi wa mlango wa pili akaja kuuliza kama Eda ameshaolewa.

Baada ya hapo Lusajo akakata karatasi ya gundi, akaandika kwa herufi kubwa ISIUNGWE INTANETI, akaibandika juu ya kioo. Utaratibu wake ni huu: laptop ikae kisiwani, isiguse mtandao kamwe, nichoree humo, nitoe DST kwa flashi moja isiyofanya kazi nyingine, nipeleke kwenye mashine. Kompyuta kubwa iendelee na Windows 11 yake na benki na wateja.

Nilidhani ataondoka. Akavuta kigoda akakaa. "Nionyeshe unavyofanya." Miaka yote aliyokaa kwangu hajawahi kuomba hivyo. Nikafungua faili asilia la nembo ya Madam, nikaipunguza, hesabu ya mishono ikashuka mbele ya macho yake. Akauliza, "Mbona hii O umeichora imenenepa kwa pembeni?" Nikamweleza kwamba sweta linavutika na mshono unalivuta ndani, kwa hiyo duara ukilichora duara litatoka yai. Inabidi ulinenepeshe upande unaovutwa. Hakuamini. Tukashona zote mbili, yake na yangu, kwenye kipande kimoja. Yake ikatoka yai. Akaishika kwenye mwanga, akaigeuza nyuma akaangalia uzi wa bobini, akasema taratibu, "Kumbe hii ni hesabu." Maandishi ya chini tuliyafuta kabisa, kwenye ukubwa ule herufi zisingesomeka, na Madam amekubali.

Halafu akaniambia kitu cha maana. Ipo programu ya bure, Ink/Stitch, inakaa ndani ya programu ya kuchora iitwayo Inkscape, haina ufunguo, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na inatoa DST. Faili zangu asilia haitazifungua, kwa hiyo kila nembo ni kuichora upya. Ni kazi ya miezi. Lakini umbo litabaki kwenye faili ambalo programu nyingine nyingi zinalisoma, na siku laptop hii ikizima sitakwama tena. Tumeanza na ya Madam. Mlima tu ndio umekwisha.

Akiwa anaaga alisema, "Shangazi, betri ya hiyo laptop haishiki chaji, umeme ukikatika inazima. Uwe unahifadhi kazi kila mara." Kauli ya Alhamisi hakuigusa na mimi sikuigusa. Sijui kama bado ndivyo anavyoona. Jumapili kanisani aliketi karibu nami, akanishikia kitabu cha nyimbo, miwani yangu ilikuwa imebaki nyumbani.

Mvua imerudi tangu jana jioni na haijakata. Dada yangu wa Itezi ndiye ninayemwaza usiku huu. Tangu Mlima Kawetere uporomoke Aprili 2024 na tope likafukia nyumba kule, kila mvua ndefu sipati usingizi, na nyumba yake ipo upande ule ule wa chini. Nimempigia, anasema mfereji wa nyuma umejaa lakini maji hayajaingia ndani. Nimemwomba watoto waje walale huku mpaka mvua ipungue. Hataki, anasema shule ndiyo kwanza imefunguliwa na kutoka kwangu ni daladala mbili. Baba Neema amesema kesho akitoka gereji atapita aongee na shemeji yake. Simu ya dada sasa haipatikani, labda ni umeme.