Kwa Treni Hadi Adelaide, Kwenye Tuzo za Wanaojitegemea

Treni ya The Overland inatoka Melbourne kwenda Adelaide mara mbili tu kwa wiki. Ni kilometa 828, zaidi ya saa kumi kwenye kiti. Ndege ingetufikisha mapema mno, lakini mdogo wangu alitaka treni, nami nilikuwa na sababu yangu ya kukubali: nilijua akikaa muda mrefu dirishani ataongea.

Ilikuwa Julai, baridi kali. Rafiki yake mpiga ngoma alikuwa kwenye bendi iliyoteuliwa kuwania AIR Awards, tuzo za kitaifa za Australia kwa muziki unaojitegemea, naye akatupatia viti viwili. AIR ni chama cha lebo, zile kampuni zinazotoa muziki, na wasanii wasiomilikiwa na yale makampuni makubwa matatu, yaani Universal, Sony na Warner. Chama kilianzishwa mwaka 1996, na tuzo zikaanza mwaka 2006. Mdogo wangu alikuwa anazifuatilia tangu mwaka 2015, Courtney Barnett aliponyakua tuzo ya albamu bora. Barnett ni mwanamuziki aliyefungua lebo yake mwenyewe mjini Melbourne, Milk! Records, mwaka 2012, ili atoe kazi zake bila kumsubiri mtu.

Baada ya mji wa Horsham nchi inakuwa tambarare. Ngano changa pande zote, kisha maghala marefu ya nafaka yamesimama peke yake kando ya reli, kisha ngano tena. Hapo ndipo alipoanza kusema.

Alikuwa na miaka 19 alipotia sahihi karatasi moja, kurasa mbili. Mwenye studio alimwambia ni utaratibu wa kawaida tu. Nyimbo tatu za kwanza, alizoziandika kwa Kiswahili chumbani kwake usiku, masta zake, yaani rekodi zenyewe za asili, zikabaki kwa yule bwana. Mpaka leo zinasikilizwa mtandaoni. Hawezi kuzishusha, hawezi kuzirekodi upya, na mirabaha, yaani malipo ya nyimbo hizo, hajui hata rangi yake. Habari hiyo nilikuwa naijua juujuu. Sikujua kwamba huwa anazisikiliza.

“Dada, inauma zaidi kwa kuwa ni nzuri,” akasema.

Sikumjibu. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa.

Tulipoingia jimbo la Australia Kusini tulirudisha saa zetu nyuma kwa nusu saa. Si saa nzima, nusu. Jioni tukavuka mto Murray, mpana na wa rangi ya udongo, treni ikaanza kujipinda polepole kwenye vilima vya Mount Lofty, mpaka taa za Adelaide zikajitokeza chini yetu.

Mji huu ni rahisi kuupenda. Katikati yake panazungukwa na bustani pande zote, na tramu ya katikati ya mji hailipishwi. Tangu mwaka 2015 UNESCO inautambua kama Mji wa Muziki, na ukitembea usiku unaelewa kwa nini: karibu kila baa ya zamani ina chumba cha nyuma chenye jukwaa dogo na mtu anayefunga nyaya.

Usiku wa tuzo tulikwenda ukumbi wa Freemasons, barabara ya North Terrace. Nilitarajia zulia na kamera. Nikakuta watu wanaokumbatiana kama wamemaliza msiba au harusi, watu waliolala pamoja kwenye gari moja safari nyingi. Mpiga besi mmoja alikuwa ameegemea ukuta, ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na kung'aa kama kwato. Akaniambia kesho saa kumi na mbili asubuhi anaingia zamu kwenye tanuri la mikate.

Kabla ya tuzo yoyote, mzee wa Wakaurna, wenye ardhi hiyo, alitukaribisha kwa lugha yake. *Niina marni*, alisema, u mzima? Mtu wa mwisho anayejulikana kuizungumza lugha hiyo vizuri, mwanamke aitwaye Ivaritji, alifariki mwaka 1929. Wajukuu wameifufua, wakitumia pia maandishi ya wamisionari wawili Wajerumani wa mwaka 1840. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, anasikiliza kwa namna ambayo sijawahi kumwona akisikiliza hotuba.

Zikafuata tuzo za jazi, kantri, bluzi, hip hop, muziki wa watoto. Nyingine zilipita haraka. Kilichonikaa ni jinsi washindi walivyoshukuru: waliwataja mafundi mitambo, vituo vya redio za jamii, dada aliyeuza fulana mlangoni. Bendi ya rafiki yetu haikushinda. Alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na naamini yalitoka moyoni.

Baadaye, kwenye korido, mdogo wangu alimfuata mama mmoja mwenye lebo ndogo, akamsimulia habari ya masta zake. Yule mama hakumwonea huruma hata kidogo, na nilimpenda kwa hilo. Alimwambia amtafute mwanasheria wa hakimiliki ausome mkataba wa zamani neno kwa neno. Kisha akamuuliza kama nyimbo mpya zina karatasi ya mgawo, ile inayoonyesha nani kaandika nini na anastahili asilimia ngapi. Hazikuwa nayo. “Leo,” akasema. “Si wiki ijayo.”

Tulirudi chumbani karibu saa sita usiku. Alivua koti, akafungua daftari juu ya kitanda, akachora mistari kwa ukingo wa kadi ya tuzo. Mashairi, mdundo, gitaa. Akaandika jina la yule mpiga ngoma kwa herufi kubwa, akalisoma upya kuhakikisha halijakosewa. Kisha akainua macho.

“Dada, kiitikio cha ule wa pili uliimba wewe. Tena yale maneno ya mwisho uliyabadilisha wewe, pale jikoni.”

“Nilikuwa naosha vyombo tu.”

“Nikuandikie ngapi?”

Nikamwambia kumi. Akaandika kumi na tano, akanipa kalamu nitie sahihi.