Nilivyozunguka shule tatu za serikali Kimara kabla sijamuandikisha mwanangu la kwanza

Mi naishi Kimara hapa Dar, ukishuka kituo cha Temboni unaingia ndani ndani huko, na kazi yangu cherehani, kwahiyo mkiona nilipata muda wa kuzunguka mashuleni msidhani sina shughuli, ilikua Septemba 2024 na msimu wa kushona sare ulikua bado.

Mwanangu wa kwanza nilimpeleka shule ya karibu bila kuuliza chochote, mama mkwe alisema shule ni shule bas nikapeleka. Kafika la tatu anasoma kwa kuangalia picha, ukifunika picha kwa kidole anakuangalia wewe. Tulianza naye upya nyumbani ba be bi bo bu, kila usiku, mi nashona yeye anasoma, ilituchukua karibu mwaka mzima. Sasa huyu wa pili alivyokua anamalizia awali nikasema hapana, safari hii naangalia kwanza.

Praiveti hatuwezi, tusidanganyane. Zile za serikali za kiingereza kama Olympio na Diamond ziko Upanga, zenyewe zina ada yake, na kutoka huku na foleni ile mtoto wa miaka sita utamuamsha saa ngapi? Kwahiyo zikabaki shule tatu za kawaida, zote hazina ada kama mnavyojua. Majina sitaji, nitaziita ya Juu (ndo aliyosoma mkubwa), ya Bondeni, na ya Ng'ambo.

Nikauliza kwenye grupu la wasap la wazazi, wote jibu moja, angalia matokeo ya Necta, lile baraza la mitihani. Nikaingia kwenye tovuti yao, ukishachagua mkoa na halmashauri ya Ubungo unaiona shule yako, wastani wake kati ya 300 na waliopata A mpaka E. Necta wenyewe waliacha kutangaza shule bora tangu mwanzoni mwa 2023 lakini kwani watu wanakubali, kwenye grupu kuna baba mmoja anapanga msimamo kama wa ligi. Ng'ambo ilikua ya kwanza, ya Juu ikawa katikati, Bondeni mkiani. Baba watoto akaangalia simu yangu dakika moja akasema imeisha hiyo, anaenda Ng'ambo. Na mi nilishakubali kabisa.

Alieniamsha ni mteja wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikuja kupunguza gauni. Nikawa namuhadithia huku napima, akacheka akaniambia mwanangu, huo wastani ni wa la saba, kwani wewe unaandikisha la saba? Akanieleza la saba wana kambi, wanasoma jumamosi, walimu wenye moto wote wanarundikwa huko juu kwasababu huko ndo mwalimu mkuu anaulizwa. La kwanza anaweza kupewa yeyote yule. Na ukitazama, huu mtaala mpya wa kuanzia 2024 watoto wanaishia la sita, yani huyo wangu hilo darasa nililokua nalinganisha hatalifika. Nilijiona mjinga.

Akanipa mbinu moja tu: tafuta madaftari.

Nikawaita watoto wa majirani, wa la kwanza na la pili, shule zote tatu, nikawaambia kila atakaeniletea madaftari yake nampa andazi. Nilipata mengi kuliko maandazi. Nikakaa nayo mezani usiku nikayapanga mafungu matatu, na hapo ndo nikaona mambo. Ya Juu mengine tarehe ya mwisho kusahihishwa ni Julai, na hapo tuko Septemba mwishoni, kurasa na kurasa mtoto anaandika peke yake kama barua isiyo na mtu wa kuisoma. Ya Ng'ambo yamesahihishwa yote, tiki kubwa za kupendeza, ila nikaanza kusoma moja moja nikakuta 5 + 4 = 8 na tiki yake, kwa watoto wawili tofauti. Mtu alipita na peni mbio mbio. Ya Bondeni yalikua yamechakaa, yametoboka, lakini kila siku ina tarehe, kosa limezungushiwa duara jekundu, pembeni imeandikwa rudia, na chini yake mtoto karudia kweli. Moja limeandikwa "mama njoo shule".

Bado sikutaka kuamini madaftari peke yake. Asubuhi tatu nikaamka nikaenda kusimama getini, saa kumi na mbili na nusu. Ng'ambo ilijikataa yenyewe: iko upande wa pili wa Morogoro Road, na Morogoro Road ya sasa sio ile ya zamani, Kimara mpaka Kibaha ni njia nane. Nilisimama na watoto wanaosubiri kuvuka, wadogo wameshikana mabegi kama treni, basi la mkoani linapita upepo unawayumbisha. Ndo nikajua shule ya Ng'ambo ni ya watoto wa Ng'ambo.

Ya Juu nilichungulia dirishani, la kwanza wamekaa mpaka chini, nikahesabu nikachoka nikiwa nimepita 110, na wengine wanaingia mchana. Serikali inasema darasa moja watoto 45. Haya.

Bondeni nilienda mpaka ndani. Shikamoo mwalimu, marahaba mama, karibu. Nikauliza wangapi, akasema themanini na mbili, madawati hayatoshi. Hakuficha, na hilo lilinifurahisha kuliko angesema arobaini na tano. Akaniambia yuko la kwanza mwaka wa tisa na anaombaga mwenyewe asihamishwe darasa. Nikamuuliza michango, akasema uji na mlinzi, walikubaliana kwenye kikao cha wazazi, usipokua nayo mtoto harudishwi. Alafu nikajifanya nimebanwa nikaomba choo, hii nawashauri muifanye, choo hakijui mgeni anakuja. Matundu machache, ila kulikua na maji kwenye ndoo na sakafu imeoshwa asubuhi ile. Nimeona vibaya zaidi ya hapo ofisi za watu wazima.

Oktoba kuandikisha kulivyoanza nikapeleka cheti cha kuzaliwa nikamaliza. Nyumbani nilisemwa! Na mwisho wa mwezi matokeo ya la saba ya 2024 yakatoka, Bondeni mkiani tena, mama mkwe akapiga simu kabisa kutoka Morogoro kuniuliza kama nina akili timamu. Nilimwambia mama, shikamoo, nipe muda.

Januari akaanza. Kufika pasaka anasoma vibao vya maduka njiani, kila duka tunasimama, "vo-cha", "ma-fu-ta ya ta-a", mpaka nachelewa kazini. Shida ni njia, masika kule bondeni maji yanajaa, kuna siku mbili nilimbeba mgongoni viatu nimeshika mkononi, na siku moja hakwenda kabisa. Hilo sikulipima maana nilizunguka kipindi cha jua, kosa langu, ningeuliza tu jirani yeyote angeniambia.

Sasa juni yule mwalimu akapata uhamisho. Wa mkoani, kumfata mume wake. Nililia jamani, sio utani, nilimshonea hadi kitenge cha kumuaga. Nilichagua shule nzima kwa ajili ya mtu mmoja na kaondoka ndani ya miezi sita, baba watoto kanitazama tu, hajasema neno, na afadhali angesema.

Alieletwa ni kijana, mpole, anajitolea. Siwezi kumsema vibaya bado. Kila ijumaa naomba daftari naangalia kabla sijapika. Wiki mbili za kwanza vizuri, duara jekundu lipo. Wiki hii iliyopita kurasa nne hazijaguswa, kwahiyo jumatatu saa mbili nitakua pale, nishamwambia mteja wa saa mbili aje saa nne.